Chungu cha Nje cha Kale: Anza na Kitako

Chungu cha nje ni kile cha pambo ambacho ndani yake huwekwa chungu cha kawaida chenye mmea, ili kukisitiri. Hakina tundu kitakoni, na waliokifinyanga hawakukusudia kibebe udongo wala kituamishe maji. Hata hivyo mara nyingi utakuta chungu cha miaka mia na zaidi kimejazwa mboji hadi mdomoni, mmea umepandwa humo humo, na nje yake glezi, ile ngozi ya kioo iliyoyeyushwa juu ya udongo, imeanza kuvimba na kubanduka. Uzee hauhusiki hapo. Ni maji.

Kwa hiyo kabla ya kukiosha, kukiunga kwa gundi au kukiweka sebuleni, uliza kwanza: kimefinyangwa kwa udongo gani, na ulichomwa kwa moto wa kiasi gani? Maamuzi yote yanayofuata yanategemea jibu hilo. Uzuri ni kwamba jibu lipo kitakoni, hata kama hakuna mhuri.

Toa kilichomo ndani, tandika taulo nene mezani, kisha kilaze chungu ubavu huku mkono mmoja umeshika kitako na mwingine mwili wake. Usikinyanyue kwa mdomo wala kwa vishikio. Vishikio vya vyungu hivi vingi ni pambo tu. Vilifinyangwa peke yake vikabandikwa kwa uji wa udongo, na maungio hayo ndiyo hukatika kwanza. Sasa tafuta sehemu isiyo na glezi, kwa kawaida ukingo wa kitako. Ifute vumbi na nta, maana uchafu hudanganya, kisha dondosha tone moja la maji. Likizama katika sekunde chache na kuacha doa la rangi iliyokoza, huo ni udongo laini, uliochomwa kwa nyuzi 1000 hadi 1150 hivi za Selsiasi. Umejaa vinyweleo, na unaweza kunywa maji hadi asilimia 10 ya uzito wake au zaidi. Tone likikaa juu bila kuzama, hapo una stonweya: imechomwa kwa nyuzi 1200 hadi 1300, chembe zake zimeyeyuka na kushikana, na maji inayonywa kwa kawaida hayafiki asilimia 3.

Vipo vyungu vilivyopakwa glezi hadi chini. Hivyo utaviona na vidonda vitatu vidogo kitakoni, alama za vigingi vilivyoviinua tanurini visigande. Hapo pima kwenye kidonda chenyewe, au palipomeguka. Palipomeguka pakionyesha udongo mweupe au wa rangi ya maziwa unaopukutika ukiukwaruza, ni udongo laini. Pakiwa pa kijivu au kahawia, pagumu, pamebana, ni stonweya. Mwishowe gonga taratibu kwa kifundo cha kidole. Stonweya nzima hulia mlio mrefu. Mlio ukifa ghafla au ukikwaruza, pana ufa, hata kama jicho halijauona.

Kwa nini vyungu vya majolika vina kiu

Vyungu vya nje vinavyosakwa zaidi na wakusanyaji ni vya majolika, yaani vyenye nakshi za kuinuka na glezi za rangi kali, na karibu vyote ni vya udongo laini. Kiwanda cha Minton cha Stoke-on-Trent, Uingereza, ndicho kilichoanzisha mtindo huu. Mkemia wake Mfaransa, Léon Arnoux, aliyeingia hapo mwaka 1849, alitengeneza glezi za risasi zenye rangi kali, na zikaonyeshwa kwa umma katika Maonyesho Makuu ya London ya 1851. Chungu kilitiwa kwenye kalibu, kikachomwa mara ya kwanza bila glezi, kikapakwa rangi, kikachomwa tena kwa moto mdogo zaidi. Shaba ilitoa kijani, kobalti buluu, manganizi zambarau na kahawia. Glezi ikiyeyuka hutiririka na kujaa kwenye mabonde ya nakshi, na ndiyo maana jani la majolika huwa limekoza kwenye mishipa na kufifia kwenye miinuko. Ni kazi ya kupendeza mno. Lakini chini ya ile ngozi ya kioo kuna udongo ulio tayari kunywa. Viwanda vingine vilifuata: Sarreguemines ya Lorraine na familia ya Massier ya kusini mwa Ufaransa, kisha Burmantofts ya Leeds, Uingereza.

Glezi na udongo havipanuki kwa kiasi kimoja. Miaka inavyopita, udongo hunywa unyevu wa hewani na kuvimba kidogo, glezi inavutwa, inapasuka kwa nyufa nyembamba zinazosambaa uso mzima. Nyufa hizo peke yake si hatari. Hatari ni maji yanayopitia humo, kwa sababu hubeba chumvi za mbolea. Maji yakikauka, chumvi hubaki, hugeuka fuwele chini ya glezi, na fuwele zikikua huisukuma glezi mpaka itoke. Ukiona unga mweupe kitakoni au kwenye nyufa, si vumbi. Ni chumvi ikitoka, na chungu hicho kinahitaji kushughulikiwa sasa.

Mihuri, na jinsi inavyodanganya

Mihuri ya Kiingereza inasaidia sana kukadiria umri, mradi uisome kwa uangalifu. Mhuri wenye umbo la almasi ulitumika kuanzia 1842 hadi 1883 kusajili michoro. Katika duara dogo la juu kuna namba ya Kirumi ya daraja, na IV ni vyombo vya udongo. Hadi 1867 herufi ya mwaka ilikaa pembe ya juu, chini ya duara hilo. Kuanzia 1868 ilihamia pembe ya kulia. Wengi hukosea hapa: tarehe hiyo ni ya mchoro kusajiliwa, si ya chungu kutengenezwa. Chungu chenyewe kinaweza kuwa kimetoka tanurini miaka kadhaa baadaye. Kuanzia 1884 almasi iliachwa, zikaja namba za usajili zenye herufi Rd mbele. Neno England peke yake kwa kawaida linaonyesha 1891 au baadaye, kwa sababu sheria ya forodha ya Marekani ya 1890, inayoitwa McKinley, ilidai bidhaa zitajwe nchi zilikotoka. Made in England kwa kawaida ni ya karne ya 20. Minton nao waliongeza s kwenye jina lao lililogongwa kuanzia 1873 hivi.

Mhuri ukikosekana, chunguza mikwaruzo. Chungu kilichosogezwa kwa vizazi vitatu kina mikwaruzo ya kila upande kitakoni, mirefu na mifupi, na uchafu umeingia ndani yake. Mikwaruzo iliyonyooka kuelekea upande mmoja ni ya msasa. Ndani ya majolika nzuri ya kale mara nyingi pamepakwa rangi, waridi au feruzi au zambarau hafifu, na chini pana madoadoa ya kijani na kahawia. Nakala nyingi za siku hizi ni nyeupe tupu ndani na chini, na rangi zake zimekaa bapa kama zilizopakwa kwa brashi ya ukutani.

Kwa vyungu vya Roseville ya Ohio, Marekani, kiwanda kilichofungwa mwaka 1954, nakala zilianza kufurika miaka ya 1990. Vyungu halisi vya miaka ya mwisho vina mhuri ulioinuka wenye jina, herufi U.S.A., namba ya umbo na ukubwa kwa inchi. Nakala nyingi hazina U.S.A., au ilikuwepo kwenye kalibu ikafutika nusu. Ila vyungu halisi vya awali kidogo vina mihuri tofauti au havina kabisa, kwa hiyo usihukumu kwa herufi hizo tu. Tazama nakshi: petali za halisi zina kingo kali.

Stonweya ya chumvi

Stonweya ni jamaa mwingine kabisa. Ile ya kale ya Ulaya na Marekani kwa sehemu kubwa haikupakwa glezi kwa mkono. Tanuri lilipofika nyuzi 1200 na ushee, mfinyanzi alitupa chumvi ya kawaida motoni kupitia matundu ya juu. Chumvi iligeuka mvuke, sodiamu yake ikaungana na silika ya udongo, na uso wa chungu ukawa kioo papo hapo. Vipele vidogo unavyovihisi ukipapasa, vile wanavyoviita ganda la chungwa, vinatokana na hilo. Kwa kuwa glezi imezaliwa na udongo wenyewe, haibanduki ovyo.

Wajerumani wa bonde la Rhine ndio mabingwa wa mwanzo, na kijivu chenye buluu ya kobalti cha Westerwald kinatambulika kwa mbali. Huko Uingereza, mfinyanzi John Dwight alipata hataza ya kutengeneza stonweya mwaka 1672 akafanya kazi Fulham. Kiwanda cha Doulton kilianza mwaka 1815, kikafanya kazi Lambeth, London, hadi 1956. Doulton walitengeneza hata mabomba ya maji machafu na mitungi ya asidi kwa udongo wa namna hiyo, jambo linalokuonyesha uimara wake. Vyungu vyao vya pambo vilichorwa na wasanii waliotoka chuo cha sanaa cha Lambeth. Hannah Barlow, aliyeanza kazi mwaka 1871, alichora farasi, mbuzi na kulungu kwa ncha kali kwenye udongo mbichi, na herufi za jina lake zimekwaruzwa kwenye vyombo vyake. Maneno Royal Doulton kwenye mhuri yanakuambia ni karne ya 20, baada ya kibali cha kifalme cha 1901.

Mapipa ya stonweya ya Marekani, yaliyokuwa ya kuhifadhia vyakula, sasa hutumika sana kama vyungu vya nje. Namba kubwa iliyogongwa au kuchorwa ubavuni ni ujazo kwa galoni: 5 ni takriban lita 19. Ndani yamepakwa uji wa kahawia uitwao Albany, kutokana na udongo wa eneo hilo la mto Hudson, kwa kuwa mapipa yalipangwa moja juu ya jingine tanurini na mvuke wa chumvi haukufika ndani vizuri. Matone ya glezi, duara lisilo na glezi mdomoni, kovu pale vyombo viwili vilipogusana: hayo ni ya tanurini, hayapunguzi uimara. Ufa unaoshuka kutoka mdomoni ndio wa kuogopa. Paka maji ubavuni, ufute, kisha subiri dakika moja. Uso utakauka kabla ya ufa, na ufa utabaki kama mstari mweusi.

Kuosha

Tumia beseni la plastiki lenye taulo chini, maji ya uvuguvugu na matone machache ya sabuni ya vyombo. Maji ya moto hapana, kwa sababu glezi hupanuka kabla ya udongo na kupasuka. Mashine ya kuoshea vyombo ni marufuku. Stonweya nzima unaweza kuiloweka na kuisugua kwa brashi laini. Udongo laini wenye nyufa usiuloweke kwa usafi wa kawaida. Ufute kwa pamba yenye unyevu, ukibadilisha pamba kila inapochafuka, la sivyo unausukuma uchafu ndani ya nyufa. Ukishalowa, uache siku kadhaa penye hewa, si juani wala karibu na hita. Upime kwa mizani kila siku. Uzito ukiacha kushuka, umekauka.

Ukoko mweupe wa chokaa unaoachwa na maji, kwenye stonweya ya chumvi isiyo na kiraka, huondoka kwa siki moja kwa maji matatu. Loweka kwanza kwa maji matupu ili asidi isizame, kisha suuza sana. Kwenye majolika siki isiguse kabisa. Asidi hula glezi ya risasi, huiacha imefifia milele, na risasi yenyewe huingia kwenye maji unayoshika. Hapo weka pamba yenye maji juu ya ukoko kwa saa chache, kisha ukwangue kwa kijiti cha mti. Kwa sababu hiyo hiyo usipige msasa glezi ya zamani, na usitumie chungu hicho kwa chakula.

Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ni kosa linalorudiwa sana. Doa linaondoka, muuzaji anafurahi, lakini kloridi inabaki ndani ya udongo, na baada ya miezi inafanya kazi ile ile ya chumvi za mbolea. Madoa ya kahawia chini ya nyufa yanaweza kupunguzwa kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 hadi 6. Kwanza loweka chungu kwenye maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa mvuke, mpaka kishibe, ili dawa ibaki juu badala ya kubeba uchafu ndani zaidi. Lowanisha pamba, ilaze juu ya doa, funika kwa plastiki, badilisha kila siku. Vaa glavu na miwani. Kama kuna dhahabu, kiraka, au pini za chuma, acha. Wapo wanaokitia chungu kwenye oveni baada ya dawa ili doa litoke haraka. Joto hilo hupanua nyufa, na mara nyingine hukipasua chote.

Chumvi hutolewa kwa maji yaliyokenekwa tu: zamisha, badilisha maji kila baada ya saa 24, na pima maji unayoyatoa kwa kipima chumvi kile cha mkononi cha matangi ya samaki. Kipimo kikiwa hakipandi tena ndani ya saa hizo 24, inatosha. Lakini kama glezi tayari inabanduka, usikizamishe. Kazi hiyo ni ya fundi wa kuhifadhi mambo ya kale.

Viraka vya zamani na vipya

Kabla ya kununua, mulika kwa taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti, katika chumba cha giza. Rangi na gundi za kiraka mara nyingi hung'aa tofauti na glezi; shelaki hutoa mwanga wa rangi ya machungwa. Kiraka hakina ubaridi wa kioo mkononi, na ncha ya sindano ikivutwa juu yake taratibu hukwama badala ya kuteleza.

Ukiunga mwenyewe, epuka gundi za papo kwa papo. Hushika kabla hujapanga vipande sawasawa, na kuzifungua ni taabu. Kwa udongo laini, Paraloid B-72, gundi ya akriliki ya mafundi wa makumbusho, iliyoyeyushwa kwa asetoni ni chaguo bora kwa sababu hufunguka tena kwa asetoni. Paka kwanza kingo za mpasuko mchanganyiko mwepesi wa asilimia 5 hadi 10, uache ukauke, vinginevyo udongo utainywa gundi yote. Kisha unga kwa mzito wa asilimia 50 hivi. Epoksi inafaa stonweya tu, ambayo karibu hainywi. Kwenye udongo laini huzama, hugeuka njano, na haitoki. Panga vipande vyote bila gundi kwanza na uvipe namba kwa penseli, maana kipande kimoja kikiwekwa mapema kinaweza kumfungia kingine mlango. Chungu kilichoungwa, kwa gundi yoyote ile, kisiguse tena maji yaliyosimama.

Kuweka mmea

Mmea ubaki kwenye chungu chake cha plastiki chenye matundu. Kipenyo cha ndani cha chungu cha nje kizidi cha plastiki kwa sentimita 2 hadi 4, upime pale palipo pembamba zaidi, kwani vyungu vingi vimebana shingoni au karibu na kitako. Mdomo wa plastiki ukae sentimita 1 au 2 chini ya mdomo wa nje. Ndani kabisa weka bakuli la plastiki nene lisilo na tundu, na juu yake vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, vya sentimita 2 ili mmea usikalie maji. Nafasi hiyo pia huruhusu hewa. Bila hewa, jasho hujikusanya kati ya vyungu viwili na kuingia kwenye nyufa polepole.

Kumwagilia kufanyike nje ya chungu cha kale. Toa mmea, umwagilie mpaka maji yachuruzike, uache nusu saa, urudishe. Mtende mkubwa usionyanyulika, simamisha mrija wa plastiki wa sentimita 2 kutoka juu ya udongo hadi kwenye bakuli. Tumbukiza kijiti kavu kila baada ya kumwagilia, na kikitoka kimelowa zaidi ya sentimita 1, nyonya maji kwa mpira mwembamba. Aspidistra, mmea uliopendwa sana enzi za Malkia Victoria, bado unafaa kuliko mingi kwa sababu huvumilia kiu na kivuli.

Usipande moja kwa moja kwenye chungu kilichobana shingoni. Mizizi ikijaa tumboni mmea hautoki, na utalazimika kuchagua kati ya mmea na chungu. Penye baridi ya kugandisha usikiache nje: maji yakiganda hupanuka kwa takriban asilimia 9, na hata stonweya iliyojaa maji hupasuka. Na usitoboe tundu. Inawezekana, kwa keekee ya almasi, maji na mwendo wa polepole, lakini chungu cha nje hakihitaji tundu, na thamani yake hushuka siku hiyo hiyo.

Kama chungu kina nguzo yake ya kusimamia, kwanza hakikisha ni ndugu: rangi ya glezi, namba ya kalibu na duara la juu la nguzo vilingane na kitako bila kucheza. Mara nyingi wauzaji huoanisha viwili visivyohusiana. Pipa la lita 19 lenye udongo uliolowa linaweza kufika kilo 20 au kuzidi, bila kuhesabu pipa lenyewe, kwa hiyo kitu kizito hivyo kikae sakafuni. Juu ya nguzo weka mmea mwepesi wenye umbo la chini, bandika vidonge vitatu vya nta ya makumbusho, ile inayonata ili vyombo visiteleze, kati ya chungu na nguzo, na unapohamisha, toa mmea, kisha chungu, kisha nguzo, kila kimoja kwa safari yake.